Wakandaji walimkataa, Malkia akampa cheo

MDHARAU mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Methali hii yamfaa sana Doug Nicholls, mchezaji wa kandanda wa Australia aliyekataliwa kwa ajili ya rangi yake, kisha akaishia katika jumba la Gavana.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 huko Cummeragunja, kituo walichowekwa wenyeji wa asili kando ya mto Murray. Angali mtoto, aliwaona polisi wakija kuwachukua wasichana wa kituo kwa nguvu, na dada yake Hilda akiwa miongoni mwao.

Kandanda ya huko si hii yetu. Mpira wake una umbo la yai, kila upande una watu 18, na mchezaji ana ruhusa ya kuudaka kwa mikono. Kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Nicholls alikuwa mfupi, hata hakufikia sentimita 160, lakini mbio alikuwa nazo, na kuruka alijua.

Mwaka 1927 alikwenda kujaribu bahati yake katika timu ya Carlton. Wenzake walikandwa misuli baada ya mazoezi. Ilipofika zamu yake, wakandaji walikataa kumgusa. Hakugombana na mtu. Alijiunga na Northcote, na mwaka 1929 timu hiyo ikatwaa ubingwa naye akiwamo.

Mwaka 1932 aliingia Fitzroy, timu ya ligi kuu. Huko nako, siku za mwanzo alikaa peke yake katika chumba cha kubadilishia nguo, mpaka Haydn Bunton, nyota wa timu, alipoondoka mahali pake akaenda kukaa naye. Tangu hapo mambo yakabadilika. Nicholls aliichezea Fitzroy mechi 54, na mwaka 1935 akawa wa kwanza katika watu wake kuteuliwa kulichezea jimbo la Victoria.

Sifa hizo hakuzila peke yake. Alipoacha mpira alikuwa mchungaji, akawatumikia ndugu zake maskini mjini Melbourne na kuwatetea hadharani. Katika kura ya maoni ya 1967, ambayo yeye aliipigia kampeni, zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliopiga kura walikubali wenyeji wa asili wahesabiwe katika sensa kama raia wengine.

Mwaka 1972 Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir, na Desemba 1976 akawa Gavana wa South Australia. Maradhi yalimlazimu kujiuzulu mwaka uliofuata. Alifariki tarehe 4 Juni 1988.

Wale wakandaji majina yao hayakumbukwi. La Bunton lakumbukwa. Basi msomaji, umwonapo kijana ametengwa na wenzake kiwanjani, jiulize: wewe u upande gani?