Bawabu wa Mwanga

Msomaji mmoja ameuliza: kwa nini akimpiga picha bibi yake ameketi dirishani mchana, ama uso wa bibi unakuwa mweusi, ama nje kunakuwa kweupe tupu?

Jibu ni kwamba mawanda ya mwanga ya kamera ni finyu. Neno hilo nimelichagua kwa ubishi: "masafa" wanaredio wamekwisha kulitwaa, na "upana" naona unafaa zaidi kwa kitambaa. Mawanda ni nafasi iliyopo kati ya giza zito kabisa na mwanga mkali kabisa ambavyo kamera inaweza kuvipokea kwa pigo moja. Jinsi kihisio, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kinavyogeuza mwanga kuwa umeme tuiache. Utamu uko kwenye vioo.

Mwaka 2003, Shree Nayar na Vlad Branzoi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliiwekea kamera kidirisha cha LCD kinachoweza kutiwa giza sehemu moja na kuachwa wazi nyingine. Kilifaa, ila kidirisha cha namna hiyo humeza zaidi ya nusu ya mwanga hata kikiwa wazi. Mwaka uliofuata, wakiwa na mtafiti mwenzao Terry Boult, wakaigeukia chipu aliyoibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, ile inayoendesha projekta za sinema. Imejaa mamia ya maelfu ya vioo, kila kimoja chembamba kuliko unywele. Kioo kina mikao miwili tu: kikiinamia huku, mwanga unakwenda kwenye kihisio, kikiinamia kule, unatupwa pembeni. Nusu hakuna. Lakini kwa kuwa hupinduka maelfu ya mara kwa sekunde, kinapima mwanga kwa muda.

Fikiria mechi ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kila lango lina jukwaa lake, kama kila nukta ya picha ilivyo na sehemu yake kwenye kihisio. Lango moja lina umati, jingine lina mashabiki watatu. Malango yote yakifunguliwa kwa muda sawa, jukwaa la kwanza litafurika, na likishafurika huwezi kujua nje walikuwa 5,000 au 50,000. Huo ndio weupe wa dirishani. Sasa weka bawabu kila lango: bawabu ndiye kioo. Penye umati afungue kwa sehemu moja ya kumi tu ya muda. Penye watatu aache wazi. Kisha hesabu vichwa. Wameingia 400 kwa sehemu moja ya kumi? Basi umati ulikuwa 4,000. Waliobaki nje nao wamehesabiwa, maana bawabu anakumbuka alifunga kwa muda gani. Na kwa kuwa ameshaujua umati, picha ijayo atajipanga upya.

Hesabu yake inashangaza. Kihisio chenye ngazi 256 za mwanga, kikisaidiwa na vioo vyenye ngazi 256 za muda, hufikia uwiano wa karibu 65,000 kwa 1 kati ya mwanga mkali na giza.

Ndiyo, kitu kikikimbia bawabu huchelewa, na kuoanisha kila kioo na nukta yake si kazi ndogo. Simu nyingi huona nafuu kupiga picha kadhaa haraka na kuziunganisha. Lakini tazama kilichofanyika: kihisio hakikuguswa. Mwanga umezuiwa kabla haujafika, na kwa kuwa umezuiwa kwa hesabu, haujapotea.