Asilimia 5 ya Nini?

"Mwanachama atakayechelewesha rejesho atatozwa faini ya asilimia 5." Kanuni ya namna hii imo kwenye katiba za vikoba vingi, na watu huishi nayo miaka bila ugomvi. Sasa tumchukue mama aliyekopa shilingi 300,000, arejeshe 100,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Rejesho la kwanza kalipa, la pili limechelewa. Faini yake ni ngapi? Ukipiga asilimia 5 ya rejesho lililochelewa, utapata 5,000. Ukipiga ya deni lililobaki, 10,000. Ukipiga ya mkopo mzima, 15,000. Sentensi haijakataa hata hesabu moja kati ya hizo.

Kikoba hakigombani kwa sababu katibu anajua walivyokubaliana. Nusu ya kanuni imo daftarini, nusu imo kichwani mwake. Siku kikoba kinapohamia kwenye programu ya simu, inayohama ni ile nusu ya daftarini tu. Mtengenezaji wa programu atachagua hesabu mojawapo, mara nyingi bila kujua kwamba amechagua, na wanachama watakatwa hivyo kila mwezi.

Mwaka 2008 shirika la Object Management Group, linaloweka viwango vya programu za kompyuta, lilitoa kiwango kiitwacho SBVR cha kuandika kanuni za biashara kwa lugha ya kawaida yenye nidhamu. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba maneno yanatangulia kanuni: kwanza mkubaliane rejesho ni nini, deni ni nini, kuchelewa ni nini, ndipo muagize au mkataze.

Lakini maneno peke yake hayatoshi. Mwaka 1986 Robert Kowalski, Marek Sergot na wenzao wa Imperial College, London, walichapisha kazi yao ya kuigeuza Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981 kuwa programu ya lugha ya Prolog. Sheria hiyo inasema kichanga kilichookotwa kimetelekezwa nchini humo kihesabiwe kimezaliwa humo na mzazi anayetimiza masharti, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Katika Prolog, jambo lililoshindikana kuthibitishwa huchukuliwa kuwa si kweli. Basi leo, kwa kuwa hakuna kilichothibitishwa vinginevyo, mtoto ni raia. Kesho mama akijulikana, huenda jibu likageuka. Kutojua na kukataa ni vitu viwili, na anayeandika kanuni lazima aseme lini kimoja kisimame mahali pa kingine. Kikobani swali ni lile lile: malipo yasipoonekana kwenye programu, mama hakulipa, au mweka hazina hajaingiza?

Kiswahili nacho kina mtego wake, tena mkubwa: saa. "Mwisho wa kulipa ni Jumamosi saa 6 usiku." Kwa desturi yetu ya kuanza siku jua linapozama, mzee wa pwani akisikia usiku wa Jumamosi anaweza kuelewa ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kijana mwenye simu ataelewa ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Wamepishana siku nzima, na faini imo katikati. Dawa tunayo siku zote, na watangazaji wa redio huitumia kila wanapotoa habari za ajali: usiku wa kuamkia.

Kwa hiyo ningekaa na wanachama, katibu akiwepo, niwasomee hivi: "Sehemu ya rejesho ambayo mweka hazina hajaipokea hadi saa 6 usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya mwezi inatozwa faini ya asilimia 5 ya sehemu hiyo, mara moja tu. Sehemu yenye risiti haitozwi, hata kama malipo hayajaingizwa." Kisha tumpigie hesabu yule mama. Hajalipa kitu: faini 5,000. Amelipa 60,000: faini 2,000. Ana risiti ya 100,000: hatozwi faini. Katibu akitikisa kichwa kwenye jibu lolote, tunarudi kwenye sentensi kabla mtu hajagusa kompyuta.