Yama Ndiye wa Kwanza Kuambiwa

Kijana wa Kitabwa akipata nafasi ya kwenda kusoma upadri ng'ambo, wa kwanza kuambiwa ni kaka wa mama yake. Kwa Kibemba anaitwa yama. Baba atashangilia, hata atatafuta nauli, lakini kwa Watabwa ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto ni wa kina mjomba.

Desturi hiyo imevuka mpaka wa Kongo na Zambia pamoja na watu wake. Mwaka 2017 mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongo hadi mkoa wa Luapula, Zambia. Walipokelewa kituo cha Kenani, kisha wakahamishiwa makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge. Hapo Mtabwa, Mluba na Mbemba wa Kongo wanaelewana kwa Kiswahili, na wakienda gulioni kwa wenyeji wanageukia Kibemba. Watabwa hawako ugenini kabisa: ndugu zao wanaishi Kaputa, upande huu wa mpaka, tangu zamani.

Wanaye pia wa kumtaja. Stefano Kaoze, Mtabwa aliyesoma seminari ya Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, alipewa upadri Baudouinville, sasa Moba, tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1920 alisafiri Ulaya na askofu wake, Victor Roelens. Mwaka huohuo, Roma, Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri. Mseminari wa leo anayeiota Roma hakuanza yeye kuiota. Karne nzima imepita tangu mtu wa kwao atie mguu Ulaya.

Je, ukoo haupotezi mtu akiwa padri asiyeoa? Kwa Waluba wengi, ambao kwao jina hupitia kwa baba, swali hilo ni zito. Kwa Watabwa ni jepesi kidogo, kwa sababu watoto wa dada zake ndio wanaouendeleza ukoo. Mimi nadhani hapo yama hupata sababu ya kusema ndiyo mapema, ingawa haisemwi kanisani.

Ugumu uko kwenye karatasi. Mkimbizi hatoki kwenye makazi bila kibali, na ng'ambo haendi kwa pasipoti ya Kongo. Anahitaji hati ya kusafiria iliyowekwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kuna Lusaka ya kufika kwanza, karibu kilomita 1,000 kwa basi. Kwa hiyo safari huanza kusimuliwa miezi mingi kabla ya kuwapo, na kijana hujifunza kujibu, "Bado tunangoja."

Wakati huo mama anakausha muhogo na kutafuta chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru wanaoanikwa juani. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani, basi mwenye akili hununua mapema. Na wapo wazee watakaotaka kumpaka pemba, udongo mweupe ambao kwa Watabwa na Waluba ni alama ya heri, jambo ambalo katekista mkali atalikunjia uso. Jirani hataki kumpaka chochote. Yeye ameshaagiza rozari ya Roma, na anauliza kila Jumapili kama ile hati imetoka.