Ngozi na Nywele Baada ya Kuogelea Katika Bwawa Lenye Klorini

Msimu wa joto unapoanza, hasa katika likizo ya Desemba, mabwawa ya kuogelea ya hoteli, shule na klabu za Dar es Salaam hujaa watoto. Baada ya wiki chache baadhi yao huletwa kliniki ya ngozi. Malalamiko ya wazazi hufanana: ngozi imepauka na inawasha, nywele zimekuwa ngumu kama makumbi na zinakatika, mtoto "amekuwa mweusi". Mara nyingi mzazi huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kumwona daktari, nayo ni kumwachisha mtoto kuogelea. Anayeachishwa aghalabu ni binti, kwa kuwa nywele zake ndizo zinazogharimiwa saluni.

Hukumu hiyo si jambo dogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Nchi yetu ina pwani ndefu ya Bahari ya Hindi, na imepakana na maziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Kwa watu wa nchi ya namna hii, kujua kuogelea ni kinga ya uhai, wala si anasa ya wenye nafasi. Madhara ya maji ya bwawa kwa ngozi na nywele yapo, lakini mengi yanazuilika, na sehemu kubwa ya kinga hufanyika kabla mtoto hajatia mguu majini.

Tuanze na maji yenyewe. Klorini ikitiwa majini hutengeneza asidi dhaifu iitwayo haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua vijidudu. Bwawa linalotunzwa ipasavyo huwa na klorini huru ya miligramu 1 hadi 3 katika kila lita ya maji, na kipimo cha uasidi, yaani pH, kati ya 7.2 na 7.8. Kiasi hicho ni kidogo na mwili wenye afya hukivumilia. Ile harufu kali ambayo wengi huiita harufu ya klorini hasa ni harufu ya kloramini, kemikali zinazozaliwa pale klorini inapokutana na jasho, mkojo na vipodozi vya waogeleaji. Kwa hiyo bwawa linalonuka sana kwa kawaida ni lile ambalo dawa yake imelemewa na uchafu wetu, si lile lililozidishiwa dawa. Kloramini hizo ndizo zinazowasha macho, kukereketa koo na kumbana kifua mwenye pumu. Kuoga kwa maji safi kwa dakika moja tu kabla ya kuingia bwawani huondoa sehemu kubwa ya uchafu unaozizalisha. Najua ushauri huu huchekesha, kwani watu huuliza mtu anaogaje ili akaoge. Lakini hakuna hatua nyingine ya bei rahisi inayowafaa waogeleaji wote kwa pamoja kama hii.

Ngozi nayo ina ukuta wake. Tabaka la juu kabisa limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayoshikamanisha kama chokaa. Uso wa ngozi una uasidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5, na uasidi huo husaidia kuutunza ukuta. Mtu akikaa majini saa nzima, matofali hayo hufura kwa kunywa maji, na klorini huondoa sehemu ya ile chokaa. Anapotoka, maji hukauka kwa haraka na kuondoka pamoja na unyevu wa ngozi yenyewe. Katika ngozi nyeusi hali hiyo huonekana kama kupauka: ukikwaruza kidogo kwa ukucha, mstari mweupe hubaki.

Nionavyo, madhara mengi hutokea katika saa chache zinazofuata, baada ya mtoto kutoka bwawani. Hukaushwa na jua, huvaa nguo zake, hupanda gari la shule na kufika nyumbani jioni, klorini ingali mwilini. Hapo mama, kwa nia njema kabisa, humsugua kwa dodoki na sabuni ya mche "ili dawa itoke". Sabuni ya namna hiyo ina pH inayokaribia 10. Ukuta uliokwisha kupoteza chokaa bwawani sasa unabanduliwa hata matofali.

Utaratibu unaofaa ni mfupi. Mtoto aoge papo hapo bwawani, kwa maji ya kawaida au ya vuguvugu, dakika mbili au tatu zikitosha. Sabuni iwe laini isiyo na manukato, na itumike kwapani, sehemu za siri na miguuni. Sehemu nyingine maji yanatosha. Ajifute kwa kugusagusa taulo pasipo kusugua, kisha apakwe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana kupaka mafuta kwenye ngozi iliyokwisha kukauka huleta mng'aro lakini hakuponyi ukavu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hufanya kazi hii vizuri kuliko losheni nyingi za bei kubwa.

Wapo wanaosugua ngozi kwa ndimu au limau baada ya kuogelea. Chanzo cha desturi hii kina ukweli ndani yake: vitamini C huweza kuibatilisha klorini, na nchi nyingine huuzwa vinyunyizio vya vitamini hiyo kwa ajili ya waogeleaji. Lakini maji ya ndimu yana pia kemikali ambazo, zikikutana na jua juu ya ngozi, huleta malengelenge kama ya moto na kuacha mabaka meusi yanayodumu miezi. Ndimu ibaki mezani.

Nifike kwenye lalamiko la mtoto kuwa mweusi, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Klorini katika kiwango cha bwawa haiifanyi ngozi kuwa nyeusi. Kinachofanya hivyo ni jua. Muogeleaji hukaa saa za mchana akiwa na mwili wazi, maji humpoza asihisi ukali wa miale, na ngozi hujikinga kwa kuongeza melanini. Rangi hiyo hupungua yenyewe katika wiki au miezi michache jua likipungua. Lakini wapo wazazi, na hata vijana wenyewe, wanaokimbilia krimu za kung'arisha. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, hata hivyo vingalipo sokoni, vingine bila maandishi yanayoonyesha kilichomo. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Krimu zenye steroidi kali, zikitumiwa ovyo, huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi isiyofutika na kufungua mlango kwa fangasi. Nimewahi kuhudumia ngozi nyingi zilizoharibiwa na tiba hizi kwa ajili ya tatizo ambalo lingeondoka lenyewe. Mtoto aogelee asubuhi au jua likiwa limeshuka, avae fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu, na apakwe krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, irudiwe kila atokapo majini.

Kwa mtoto mwenye ualbino masharti hayo hayana hiari, kwani jua humletea saratani ya ngozi mapema. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa mstari wa mbele katika kutengeneza krimu ya jua mahususi kwa watu wenye ualbino. Hawa pia waweza kuogelea, ila chini ya paa au saa ambazo jua halina makali.

Mwenye pumu ya ngozi naye hahitaji kuzuiwa moja kwa moja. Ugonjwa ukiwa umetulia, apakwe tabaka jembamba la mafuta mazito nusu saa kabla ya kuingia, na jingine zito baada ya kuoga. Ngozi ikiwa na vidonda vibichi au inatoa majimaji, asubiri ipone.

Sasa nywele. Tofauti na ngozi, unywele uliotoka nje ya kichwa si kitu hai. Ngozi iliyokwaruzwa hujiponya. Unywele ulioharibika hubaki hivyo hadi ukatike au ukatwe. Juu yake kuna magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, yakifunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Klorini huula utando huo, magamba huinuka, na protini iliyo ndani hubaki bila kinga. Nywele za kipilipili zina udhaifu wa ziada, kwani kila mahali unywele unapojikunja ni mahali pa kukatikia, tena mafuta ya kichwani hayatelezi kufika nchani kama yafanyavyo kwenye nywele zilizonyooka. Zilizotiwa dawa ya kunyoosha zina hali mbaya zaidi, kwa sababu dawa hiyo hulegeza kwa kukusudia vifungo vinavyoipa protini ya unywele nguvu. Nashauri zipite angalau wiki mbili kati ya kutia dawa au rangi na kuingia bwawani. Na kichwa kikiwa kimeungua kwa dawa, kwanza kipone.

Kinga iliyo bora haigharimu kitu: kulowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuogelea. Unywele mkavu unaweza kunywa maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Ukishayanywa maji safi, nafasi inayobaki kwa maji ya bwawa ni ndogo. Kisha yapakwe mafuta ya nazi. Katika hili bibi zetu wa pwani walitangulia: utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2003 na wanasayansi wa India ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini ya nywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli hayakuliweza, kwa kuwa ya nazi hupenya ndani ya unywele. Yapakwe kiasi tu. Yakizidi huishia bwawani na kuisumbua klorini.

Kofia ya kuogelea huja juu ya hayo. Haizuii maji yote, lakini hupunguza yanayopita. Shida ni kwamba kofia za kawaida zimetengenezwa kwa nywele chache zilizolala, na binti mwenye nywele nyingi au rasta hulazimika kuibana hadi kichwa kiume. Kofia kubwa zipo. Za kampuni ya Soul Cap ya Uingereza zilikataliwa na shirikisho la kimataifa la kuogelea kabla ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kisha zikaidhinishwa mwaka 2022. Shule zinazodai kofia ziruhusu na hizo.

Nywele zisukwe mafundo machache yasiyobana, kama mabutu au twende kilioni, kuliko kuachwa wazi zikajifunga ndani ya maji. Nasisitiza yasiyobana: msuko unaovuta ukiongezewa unywele uliodhoofishwa na klorini ndio njia ya haraka ya kupoteza nywele za kandokando ya paji la uso. Baada ya kuogelea zisuuzwe mara moja kwa maji mengi na kupakwa kondishena. Shampuu si ya kila siku. Anayeogelea mara tatu kwa wiki atumie shampuu mara moja, na siku nyingine asuuze na kupaka kondishena tu. Siku hiyo draya ya moto na pasi ya nywele ziwekwe kando. Anayevaa hijabu azikaushe kwanza kabla ya kujifunga, na mwenye rasta azikamue vizuri, kwani hukaa na maji kwa saa nyingi. Wengine huogopa nywele kugeuka kijani. Hutokea kwa nywele za rangi nyepesi, na kisababishi ni shaba iliyomo majini wala si klorini.

Kila mtoto awe na kofia, kitana na taulo lake, maana mapunye na vipele vya virusi hupita humo kwa urahisi. Vikitokea vipele vyekundu vyenye usaha, hasa vikikusanyika mahali nguo ya kuogelea ilipobana, siku moja au mbili baada ya kutoka bwawani, huenda ni bakteria wanaostawi pale klorini inapopungua. Mara nyingi hupona vyenyewe ndani ya siku kumi. Vikiambatana na homa au vikiendelea kuenea, mtoto apelekwe hospitali. Na msimamizi wa bwawa aarifiwe siku hiyohiyo apime maji, kwa kuwa watoto wengine wangali wanaogelea humo.