Sarafu Iliyorudi Mlangoni

Ndugu zetu wa Visiwani wana haki ya kutushangaa. Wao waliwasha televisheni ya rangi mwaka 1974. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na sisi wa Bara tulingoja hadi 1994 kupata kituo cha kwanza cha televisheni. Ndiyo maana michezo ya mashine iliyotikisa Japani na Marekani ilipita mbali na Mbulu na Hanang.

Michezo hiyo ilizaliwa katika kumbi za starehe: Pong mwaka 1972, Space Invaders mwaka 1978, Pac-Man mwaka 1980. Mtu alitumbukiza sarafu, akacheza, akashindwa, akatumbukiza nyingine. Baadaye makampuni yaliihamishia kwenye televisheni za nyumbani, na sarafu ikaachwa mlangoni.

Kuhama huko hakukuwa kwepesi. Mashine ya Atari 2600 ilikuwa na kumbukumbu ya muda ya baiti 128 tu. Mwaka 1980 wavamizi 55 wa Space Invaders walipunguzwa wakawa 36, na watu wakaupenda mchezo. Lakini Pac-Man ya mwaka 1982 ilitoka na picha zinazometameta, wanunuzi wakanung'unika. Mwaka 1983 shehena ya kaseti zisizouzika ilifukiwa huko Alamogordo, New Mexico, na Pac-Man ilikuwamo miongoni mwa zilizofukuliwa mwaka 2014. Watendaji wetu wazingatie: jambo linalohamishwa bila kupimwa kwa mahali linakokwenda, mwisho wake ni shimoni.

Kwetu mambo yamegeuka. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya nyumba moja huwekwa kibandani, na vijana hulipia kila mchezo. Sarafu imerudi mlangoni. Hatulaumu. Kaya nyingi za wakulima na wafugaji chini ya Mlima Hanang hazimudu kununua televisheni na mashine pamoja; kibanda ndicho sebule ya wasio nayo.

Hatari iko kwingine. Mchezo wa ustadi na mashine ya kubahatisha si kitu kimoja. Wa kwanza humfunza kijana macho, mkono na subira. Ya pili humnyang'anya akiba yake kwa tamaa. Kiongozi anayefunga vyote kwa kufuli moja hajatenda haki, na anayeacha vyote wazi hajatimiza wajibu.

Kwa hiyo tunasema: saa za masomo zilindwe, watoto wasikaribie mashine za kubahatisha, na vibanda vya michezo ya ustadi viachwe vifanye kazi kwa utaratibu. Tena vijana wetu wasiishie kucheza vya wengine. Bao letu, linalopendwa Unguja na Bara, lina mashimo 32 na kete 64. Hesabu ya mashimo yote hayo inaenea hata ndani ya zile baiti 128. Shule zenye kompyuta ziwape wanafunzi kazi hiyo. Nafasi haijawahi kuwa kikwazo. Kinachohitajika ni nia.