Kabla ya Mgonjwa Kupanda Ndege, Damu Yake Itangulie

Jumatano moja, baada ya swala ya Isha, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, mzee mmoja wa hapa mtaani kwetu Tanga alibaki safuni na bahasha ya kaki mkononi. Tulimjua vyema: ni fundi baiskeli, baba wa watoto wanne, mtu asiyezoea kuomba. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya hospitali moja ya India iliyotaja makadirio ya gharama za kumpandikiza uloto binti yake wa miaka tisa, mgonjwa wa selimundu tangu utotoni. Ombi lake lilikuwa fupi. Ijumaa tutangaze mchango wa nauli ya watu wanne, kisha waende, na huko mbele Allah (S.W.) atafungua njia.

Sisi wa kamati tulikubali papo hapo. Nani angekataa? Binti yule tulimwona akikua katika madrasa yetu, na mara nyingi tulimwona akibebwa kutoka darasani kwa maumivu ya miguu na mgongo. Mwandishi wa makala haya alikwisha andika hata tangazo. Lililotuzuia ni swali la mama mmoja wa kamati ya akina mama, muuguzi mstaafu, ambaye alisoma barua ile mara mbili kisha akauliza: “Na uloto wenyewe atautoa nani?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Barua ilieleza gharama, siku za kulazwa na nyumba ya kupanga karibu na hospitali. Mtoaji hakutajwa, kwa kuwa hakuna aliyepimwa. Familia ilikuwa inajiandaa kuvuka bahari kwenda kuulizwa swali ambalo lingeweza kujibiwa wakiwa nyumbani, kwa mirija michache ya damu.

Maradhi yenyewe

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hugeuka umbo zikafanana na mundu, zikawa ngumu na kunatana. Hapo huziba mishipa midogo, na sehemu isiyofikiwa na damu huuma kwa maumivu makali. Chembe hizo pia hufa mapema, na ndiyo maana mgonjwa huishi na upungufu wa damu. Daktari James Herrick wa Chicago aliueleza ugonjwa huu katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910, lakini wazee wetu wa Afrika walikuwa wakiuona kwa watoto wao tangu kale, wakiuita kwa majina mbalimbali, na wakati mwingine, kwa bahati mbaya, wakimsingizia jirani uchawi.

Mtoto huugua akirithi vinasaba vya ugonjwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Mzazi aliyebeba upande mmoja tu, ambaye hospitalini huandikiwa AS, aghalabu huwa mzima kabisa na huenda asijijue maishani mwake. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Haijalishi wamekwisha kuzaa wangapi wazima, kwani kila mimba huanza hesabu yake upya.

Kupandikiza uloto, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa ambao ndio unaotengeneza damu, ni tiba inayoweza kuuondoa ugonjwa huu. Matokeo yake huwa mazuri zaidi mgonjwa akiwa bado mtoto na mtoaji akiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye vinasaba vyake vya tishu vinalingana na vya mgonjwa. Kipimo cha ulinganifu huo huitwa HLA. Kila mtu hurithi nusu ya vinasaba hivyo kwa baba na nusu kwa mama, na kwa hiyo kila ndugu ana uwezekano wa robo wa kulingana kikamilifu na mgonjwa. Binti wetu ana ndugu watatu. Tulipopiga hesabu, uwezekano wa kumpata walau mmoja anayelingana ulikuwa zaidi kidogo ya nusu. Hapo ndipo tulipoona kwamba familia hii ilikuwa karibu kukata tiketi nne kwa jambo ambalo kukosekana kwake kulikaribiana na kupatikana kwake.

Tulivyokosea mara ya kwanza

Daktari wa binti alikubali kuandika maombi ya kipimo, na hospitali ya ng’ambo ikatuelekeza kwenye maabara inayofanya nayo kazi. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, na makosa yaliyofuata mengi yalikuwa yetu sisi tuliojitolea kusimamia.

Kosa la kwanza lilikuwa la majina. Kwenye mirija tuliandika majina ya nyumbani, yale ambayo mtaa mzima unawaitia watoto. Kwenye fomu yaliandikwa majina ya vyeti vya kuzaliwa. Mtoto mmoja akawa watu wawili.

Kosa la pili lilikuwa la siku. Damu ilichukuliwa Jumatano, ikasafirishwa kwa basi hadi Dar es Salaam, ikakabidhiwa kwa kampuni ya vifurushi Alhamisi jioni. Ilifika India mwisho wa juma, maabara imefungwa, ikabaki ghalani kwenye joto. Jumanne tulipokea taarifa kwamba damu imeharibika na haifai kupimwa.

Kosa la tatu ndilo lililotuumiza zaidi. Fomu iliuliza kama mgonjwa ameongezewa damu siku za karibuni. Tuliacha nafasi hiyo tupu kwa kutojua uzito wake. Binti alikuwa ameongezewa damu siku kumi kabla. Damu ya mtu mwingine iliyo bado mwilini yaweza kulichanganya jibu, na maabara ilitueleza kwamba hata kama sampuli ingefika salama, wasingeiamini. Kwa mgonjwa wa namna hiyo walitaka chembe za ndani ya shavu, zinazochukuliwa kwa kijiti chenye pamba, bila sindano wala maumivu.

Mara ya pili tulikwenda kwa utaratibu. Hospitali ilishughulikia kibali cha kusafirisha sampuli, maana Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na sampuli ya mtu haitumwi nje kama kitenge. Majina yalinakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye vyeti. Sampuli zilifungwa tabaka tatu: mrija ndani ya chombo kisichovuja, chombo ndani ya boksi gumu. Ziliondoka Jumapili usiku na kupokelewa katikati ya juma, na tulikuwa tumekwisha kuwapigia simu kuwauliza sikukuu zao.

Jibu, na mtoto aliyelia

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Dada wa miaka kumi na minne alilingana nusu. Kaka wa miaka kumi na miwili, nusu. Mdogo wa miaka mitano hakulingana kabisa. Hakuna aliyefaa kwa kipimo cha ulinganifu kamili.

Tulikwenda nyumbani kwao baada ya Magharibi, pamoja na mama muuguzi. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Mama wa watoto alisema “Al-hamdulillah” kwa sauti ndogo, akaendelea kukunja nguo zilizokuwa mapajani mwake. Sisi tukaanza kueleza: kwamba kuna upandikizaji wa mtoaji anayelingana nusu, kama vile mzazi, lakini una hatari zaidi na si kila kituo kinaufanya, kwamba daftari za watoaji duniani zina watu wachache wenye asili ya Afrika, na kwa sababu hiyo kumpata mtu wa mbali anayelingana na mtoto wetu ni vigumu.

Katikati ya maelezo hayo tulisikia kilio nyuma ya pazia. Alikuwa ni yule kaka wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amesikia watu wazima wakisema kwamba yeye “hafai”. Kwa wiki tatu mtoto huyu alikuwa amejiandaa moyoni kumpa dada yake uloto, amewaambia hata wenzake wa madrasa, na sasa aliamini kwamba kuna aibu fulani ndani ya damu yake iliyomfanya akataliwe.

Mama muuguzi alimwita, akamketisha kando yake, akamwambia: “Mwanangu, hakuna aliyekukataa. Allah amekuumba kwa namna yako na dada yako kwa namna yake. Hukufanya kosa lolote.” Mtoto akauliza: “Na nikila vizuri nikapimwa tena?” Pale hata baba yake alishindwa kujizuia.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu hakuna fomu iliyotutahadharisha nalo. Watoto wanaopimwa kwa ajili ya ndugu yao waelezwe mapema, kwa lugha yao, kwamba kipimo si mtihani wa mapenzi. Anayelingana asibebeshwe mzigo wa kuambiwa kwamba uhai wa nduguye uko mikononi mwake, maana uhai uko mikononi mwa Allah peke yake. Na asiyelingana asiitwe hafai. Tangu siku ile neno hilo tumeliacha.

Fedha za watu

Mchango uliopatikana ulikuwa shilingi 7,350,000. Vipimo, vibali na usafirishaji wa mara mbili vilitumia 3,120,000. Zilibaki 4,230,000, na swali likawa: ni za nani?

Wapo waliosema familia ikabidhiwe tu. Wapo waliosema ziingie kwenye ujenzi wa vyoo vya msikiti. Sheikh wetu alitukumbusha kwamba aliyetoa kwa sharti, sharti lake huheshimiwa. Watu walitoa kwa ajili ya safari ya matibabu, na safari haipo tena. Akatuuliza pia jambo lililotufedhehesha: katika fedha zile kuna zaka? Ilikuwamo, na tulikuwa tumeichanganya na sadaka katika kisanduku kimoja, ilhali zaka ina watu wake na hukumu zake.

Ijumaa iliyofuata tulisoma hesabu yote mbele ya waumini, pamoja na gharama ya kosa letu la kutuma damu siku isiyofaa. Kila mchangiaji aliyejulikana aliulizwa. Wachache walirudishiwa fedha zao. Wengi waliruhusu zitumike kwa dawa, bima na nauli za kliniki za binti. Waliotoa zaka walitutambulisha viwango vyao, vikatengwa na kukabidhiwa wazazi kama haki yao. Qur’ani imetuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, na tumejifunza kwamba amana ya mgonjwa nayo yahitaji daftari, tena tangu shilingi ya kwanza.

Yaliyo karibu nasi

Majibu yale hayakuwa hasara. Yalimwezesha daktari kuacha kuwaza ndege na kuangalia yanayowezekana hapa. Binti sasa anatumia haidroksiyurea kila siku, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, huku akipimwa damu mara kwa mara ili kipimo cha dawa kisimdhuru. Analala ndani ya chandarua bila kukosa, anakunywa maji mengi, na homa yake haisubiri asubuhi, hupelekwa hospitali usiku huohuo. Amepangiwa pia kipimo cha mwendo wa damu katika mishipa ya ubongo, kwa kuwa watoto wenye selimundu wamo katika hatari ya kiharusi. Mwaka uliopita alilazwa mara tano. Mwaka huu amelazwa mara moja.

Kadhalika tumefahamu kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekwisha kuanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Familia yenye mtoaji anayelingana yafaa iulize huko kabla ya kuuza kiwanja.

Kwa wazazi watakaopita njia hii, tunausia machache. Ombeni vipimo kupitia daktari wenu, wala msinunue kipimo kwa dalali wa safari za matibabu. Ulizeni kwanza kama kipimo hakipatikani nchini. Andikeni tarehe ya mwisho mgonjwa alipoongezewa damu. Tumieni jina moja kwenye karatasi zote. Wekeni nakala ya kila jibu. Na kabla ya kutuma, kubalianeni ni nani atakayeyapokea majibu, kwa kuwa vinasaba vyaweza kufichua mambo ya nyumba ambayo hayakuulizwa, na sitara ya familia ni wajibu wetu sote.

Kwa vijana wanaokusudia kuoana, kipimo cha kujua kama ni AS kinapatikana katika hospitali zetu kubwa, na ni bora kifanywe kabla ya mahari kupangwa kuliko baada ya mtoto wa kwanza kulazwa.

Yule kaka alikuja ofisini kwetu mwezi uliopita. Alitaka kujua umri ambao mtu huruhusiwa kuchangia damu. Tulimwambia ni miaka kumi na minane. Akahesabu kwa vidole, akasema, “Imebaki mitano.” Allah (S.W.) ampe umri huo, amponye dada yake, na awaafu wagonjwa wetu wote. Amin.