Ngozi ya Punda na Damu ya Binadamu

Kipande cha ejiao ni kigumu, cha rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, na ukikiinua kwenye mwanga kingo zake huonyesha wekundu wa kaharabu. Hupondwa, kikayeyushwa katika divai ya mchele iliyopashwa moto au katika supu, kisha kikanywewa. Nchini China wanawake wamekitumia kwa karne nyingi kwa maradhi ya kila siku: damu iliyopungua, hedhi isiyokatika upesi, kikohozi kikavu, kukosa usingizi, uchovu wa baada ya kujifungua. Wakazi wengi wa Nakuru, Kenya, hawajawahi kukiona. Hata hivyo, sidhani kuna dawa ya Kichina iliyowagusa kuliko hiyo, maana hutengenezwa kwa ngozi ya punda, na kuanzia 2016 sehemu ya ngozi hizo ilitoka Naivasha na Mogotio.

Mtu akitajiwa tiba ya Kichina, aghalabu huwaza sindano. Tiba ya sindano, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2010 miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika, ina ushahidi wa wastani kwamba hupunguza maumivu sugu ya mgongo na ya goti, na kwamba huwasaidia baadhi ya wenye kipandauso. Sindano ikiwa mpya na safi, na anayeichoma akiwa amefunzwa kazi, hatari yake ni ndogo, tena hakuna mtu wa mbali anayepokonywa kitu ili mgonjwa apone. Dawa za kunywa si hivyo. Kila mzizi, kila gamba na kila ngozi ina mahali ilikotoka, na mahali hapo pana watu. Kwa hiyo ejiao ina maswali mawili, na yote mawili yanastahili jibu: inamfanyia nini anayeinywa, na inamfanyia nini aliyekuwa na punda?

Tuanze na chungu. Kitovu cha utengenezaji wa ejiao ni Dong'e, katika mkoa wa Shandong mashariki mwa China. Ngozi hulowekwa kwa siku kadhaa, ikaparuliwa manyoya na mafuta, ikakatwa vipande na kuchemshwa kwa muda mrefu mpaka nyama yote ya ngozi ivunjike na kuachia majimaji mazito. Povu huenguliwa. Majimaji huchemshwa tena hadi yazidi kuwa mazito, yakatiwa sukari, mafuta kidogo na divai, kisha yakaachwa yagande na kukatwa mabamba yanayoanikwa polepole. Ngozi moja hutoa takriban kilo moja ya ejiao.

Kinachopatikana ni jelatini, yaani kolajeni iliyovunjwavunjwa kwa moto. Ni protini, lakini protini pungufu, kwa kuwa jelatini haina triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo. Na damu hujengwa kwa chuma, asidi foliki na vitamini B12. Bila chuma, uboho hauwezi kutengeneza hemoglobini hata ukilishwa jelatini mwaka mzima. Kuna tafiti chache za China, mojawapo kwa wajawazito wenye thalasemia, zilizoonyesha hemoglobini ikipanda kiasi. Ni tafiti ndogo, na hazitoshi kuifanya ejiao kuwa tiba ya upungufu wa damu. Anayeinywa na kujisikia vizuri hasemi uongo, ila nafuu hiyo haijathibitishwa kwamba imetoka kwenye ngozi ya punda.

Upungufu wa damu wenyewe si ugonjwa wa Shandong peke yake. Katika kliniki za wajawazito za Nakuru, Gilgil na Molo ni jambo la kila wiki, na sababu zake zinajulikana: chakula kisicho na chuma cha kutosha, minyoo, malaria kwa wanaosafiri kwenda maeneo ya joto, mimba zinazofuatana upesi, hedhi nzito. Hapa pana jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo uko juu zaidi. Mwinuko huo huufanya mwili utengeneze hemoglobini nyingi zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaka kipimo kirekebishwe kulingana na urefu wa mahali. Gramu 11 kwa desilita, ambazo zinamtosha mjamzito wa Mombasa, zinaweza kuwa ishara ya upungufu kwa mjamzito wa Molo.

Tiba ipo, na ni ya bei nafuu. Mama anayehudhuria kliniki ya serikali hupewa tembe zilizochanganya miligramu 60 za chuma na asidi foliki. Kinyesi kitakuwa cheusi na tumbo linaweza kusokota siku za kwanza. Hayo si sababu ya kuziacha. Kinachoziharibu zaidi ni chai. Tanini za majani ya chai hukishika chuma tumboni kisiingie mwilini, na katika nyumba ambamo chai hunywewa asubuhi, saa nne na jioni, tembe inayomezwa pamoja na kikombe hicho hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Iachwe saa moja au mbili baada ya chai, imezwe kwa maji au pamoja na chungwa. Maini, ndengu, maharagwe, terere na managu vinasaidia, hasa vikiliwa na kitu chenye vitamini C. Mgonjwa ambaye hapati nafuu baada ya mwezi arudi kupimwa, kwa sababu huenda anavuja damu mahali pasipoonekana.

Pamoja na hayo yote, ejiao ilizidi kutafutwa. Kipato cha Wachina kilipopanda, dawa iliyokuwa ya matajiri ikawa zawadi ya sikukuu, ikachanganywa na ufuta, jozi na tende nyekundu, ikauzwa kama kitafunio. Punda wa China walikuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hawafiki milioni 3. Watengenezaji wakageukia Afrika, ambako kuna takriban thuluthi mbili ya punda wote duniani.

Kenya ilikuwa tayari imefungua mlango. Mwaka 2012 serikali ilimwingiza punda katika orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa kwa ajili ya nyama, na kufikia mwishoni mwa muongo huo kulikuwa na vichinjio vinne vyenye leseni: Goldox huko Mogotio, kaunti ya Baringo, Star Brilliant huko Naivasha, na vingine viwili Turkana na Machakos. Viwili kati ya hivyo vinne, basi, vilikuwa kando ya barabara zinazotoka mjini Nakuru. Haki isemwe: vilileta ajira kwa vijana, na mfugaji mwenye punda mzee kwa mara ya kwanza alipata mnunuzi. Bei ya punda, ambayo ilikuwa shilingi elfu chache, ikapanda maradufu na zaidi.

Kisha hesabu ikagoma. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilieleza mwaka 2019 kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda 301,977 walichinjwa, yaani asilimia 15.4 ya punda wote wa Kenya. Kwa mwaka walikuwa wakichinjwa kwa kiwango cha asilimia 5.1, ilhali wanaongezeka kwa asilimia 1 hivi. KALRO ilikadiria kwamba wangeweza kwisha kufikia 2023. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8, ile ya 2019 ilipata milioni 1.2 hivi.

Yapo maeneo ambayo takwimu hizo huonekana kwa macho. Katika mitaa ya wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, kama Karagita, mabomba hayajafika kila mlango, na maji hufika kwa mkokoteni wa punda. Mitungi ya manjano ya lita 20 hupangwa safu mbili, mwenye mkokoteni hutembea ubavuni akiwa ameshika hatamu, na punda mwenyewe anajua nyumba ya kusimama. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia na, kwa wanaoyanywa miaka mingi, kuumiza mifupa. (Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiyachuja kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, kazi inayostahili kujulikana zaidi.) Kwa hiyo kuchota maji yaliyo karibu hakutoshi, maji yanayofaa kunywewa mara nyingi hutoka mbali, na lazima yabebwe.

Punda akiondoka, mtungi unarudi mgongoni mwa mwanamke. Mtungi uliojaa ni kilo 20. Anayeubeba huenda ni mjamzito, huenda damu yake ni haba, na safari yake ni ya kila siku. Hilo ndilo linalonifanya niiweke ejiao katika safu ya afya wala si ya biashara. Dawa inayouzwa China kwa wanawake waliochoka ilikuwa inachukuliwa kwa wanawake waliochoka wa Naivasha na Baringo, na wa pili hawakuulizwa. Katika familia ya kipato kidogo punda ni sehemu ya matunzo ya afya: hupunguza mzigo, huleta maji na kuni, na huko ndani ya Baringo humfikisha mgonjwa barabarani.

Wizi ndio uliowatoa watu majumbani. Soko halali lilipoyumba kwa kukosa wanyama, punda walianza kuibwa usiku. Wenyewe waliamka wakakuta kamba imekatwa, na baadaye mizoga imelala vichakani, imechunwa ngozi, nyama imeachiwa fisi. Waliopaza sauti hawakuwa wanaharakati wa mijini peke yao. Walikuwa wenye mikokoteni na akina mama wa vijijini, wakisaidiwa na mashirika ya kutetea punda kama Brooke. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara. Star Brilliant ilikwenda mahakamani, na Mei 2021 Mahakama Kuu mjini Naivasha ikaiondoa marufuku hiyo. Ndipo suala likavuka mipaka: Februari 2024, jijini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ni kuingilia tiba ya watu wengine, yenye umri wa miaka elfu mbili. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya tiba yenyewe inaijibu. Waandishi wa kale wa China waliiandika ejiao kuwa inatokana na ngozi ya ng'ombe. Punda aliingia baadaye. Wakazi wa Nakuru wana mfano mwingine uani mwao. Pembe ya kifaru ilitumika China kushusha homa, na soko hilo ni moja ya sababu za vifaru wa Ziwa Nakuru kuwekwa ndani ya hifadhi yenye ua na askari tangu miaka ya 1980. Mwaka 1993 China ilipiga marufuku biashara ya pembe hiyo na kuiondoa katika orodha rasmi ya dawa zake, na waganga wakaandika pembe ya nyati-maji badala yake. Mwaka 2020 magamba ya kakakuona nayo yakaondolewa katika orodha hiyo. Tiba ya Kichina haikufa.

Tena tiba hiyo ina zawadi bora ya kuipa dunia. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Tu Youyou, akisoma maandiko ya Ge Hong ya karne ya 4 kuhusu mmea wa qinghao, alitambua kwamba moto wa kuchemshia ndio ulioharibu dawa, akaikamua kwa joto la chini na kupata artemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu 2004 sera ya Kenya imeifanya dawa ya mseto iliyotokana na ugunduzi huo, artemetha na lumefantrini, kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Artemisinini ilipitia maabara na majaribio, ikathibitika, na mmea wake hupandwa upya kila msimu, hata katika mashamba ya Kenya. Ejiao haijapita njia hiyo.

Punda hapandwi upya kila msimu. Uamuzi wa Addis Ababa hautakuwa na meno Kenya mpaka Bunge liuweke katika sheria, na mpaka maafisa wa mifugo wa kaunti wapewe magari na uwezo wa kukagua malori yanayopita usiku. Wakati huo ukisubiriwa, wafugaji wanashauriwa kuwatia punda wao alama, kuwalaza ndani ya boma na kumwandikisha kila mnyama kwa chifu au kwa chama cha wenye punda. Punda jike akipandwa leo hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine miezi 14, na huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hapaswi kufungwa mkokoteni kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne.